Ishara Aliyoiomba Veneranda

Nyumba ya Iganzo, kwenye miinuko ya Mbeya, ilikuwa inanuka majani ya nyanya. Siyo nyanya zenyewe, majani: ile harufu kali inayobaki mikononi mwa mtu aliyeshinda shambani, ambayo hata sabuni ya kipande haiitoi kwa mara moja. Uani palikuwa na mparachichi mmoja na magugu. Jirani wa upande huu alilima viazi, wa upande ule hakulima kitu. Dalali Gwakisa alifungua mlango, akasimama kando na kusema, "Karibuni, mwalimu. Hewa ya mlimani hii, mtalala mpaka msahau kuamka." Veneranda peke yake ndiye aliyeinusa ile harufu, na badala ya kuuliza inatoka wapi, alifumba macho akaivuta mpaka ndani.

Mwingine angeuliza. Lakini Veneranda alishapita mahali ambapo mtu bado anauliza.

Walikuwa watu wa Ilula, mkoani Iringa, hawa. Ombeni Kalinga alikuwa mwalimu wa fizikia na mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa kunyoosha shati hata akienda kuchota maji. Mkewe Veneranda alikuwa mkulima wa nyanya, na madereva wa malori wanaosimama pale barabarani walimjua kwa jina. Binti yao Faustina alikuwa darasa la sita. Na alikuwepo mdogo wake Faustina, Rozalia, waliyemwita Roza, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akimfuata dada yake kila anapokwenda, hadi chooni. Mwaka uliopita, siku ya mavuno, Veneranda alikuwa akisimamia vibarua wapange nyanya kwenye matenga huku mnunuzi akipiga honi, akasikia nyuma yake, "Mama!" Bila kugeuka akajibu, "Subiri kwanza, Roza." Ikaja tena, "Mama!" Akajibu vilevile. Haikuja tena. Walimtoa Roza kwenye bwawa la kumwagilia kabla lile lori halijaondoka.

Neno hilo, subiri, Veneranda hakumwambia mtu. Hakumwambia mumewe, wala mchungaji, wala mama yake mzazi. Kwenye matanga aliitikia pole za watu mmoja mmoja, na matanga yalipoondolewa akanyamaza. Alipika, alifua, alikwenda ibadani, ila ukimwangalia machoni uliona kabisa kwamba hayupo.

Kwa hiyo barua ya uhamisho wa kwenda Mbeya ilipofika, Ombeni aliipokea kama mkono wa Mungu. Kwenye basi, walipopita Igawa na kuiacha Chimala na magunia yake ya mchele, alimshika mkewe kiganja na kumwambia, "Mungu ametangulia, Mama Faustina. Nyumba yetu iko huko, ameshaiandaa. Sisi kazi yetu ni kuitambua." Veneranda akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akikubali kila kitu.

Kuitambua nyumba kulikuwa na utaratibu wake. Tangu waoane, hawa wawili hawakuamua jambo kubwa bila kuweka ishara. Wanasimama mahali penyewe, wanashikana mikono, mmoja anaomba na kumtajia Mungu ishara anayoitaka. Na Ombeni alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja: ishara lazima itamkwe kwa sauti, wote wawili waisikie, ili kesho yake mtu asije akageuza maneno yampendeze. Ndivyo walivyopata shamba, ndivyo alivyokubali ualimu, na ndivyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alivyomposa Veneranda, ingawa siku hiyo inasemekana ishara aliiweka baada ya kukubaliwa.

Gwakisa, ambaye angeweza kukupangisha ukungu wa mlima Loleza na ukamshukuru, alianza kwa kuwapeleka Uyole. Ombeni aliomba mwenye nyumba awapokee kwa amani. Mwenye nyumba akawapokea kwa kuuliza kama wanapikia mkaa, maana wapikia mkaa hawataki, na wenye watoto hawataki sana, na walimu nao wana maneno mengi. Wakaaga. Isyesye waliomba bomba litoe maji likifunguliwa mara ya kwanza. Bomba lilikohoa, likatema buibui. "Maji ni Jumanne na Ijumaa," Gwakisa akajitetea, na Faustina akacheka hadi akashika tumbo. Veneranda hakucheka.

Kisha ndipo wakaja Iganzo.

Ombeni aliizungukia ile nyumba, akagonga kuta, akachungulia dari, akarudi sebuleni akiwa ameridhika. Akamtazama mkewe na kuona jambo ambalo hakuliona mwaka mzima: uso wa Veneranda ulikuwa na mtu ndani yake. Huruma ikamjaa. "Leo weka wewe ishara," akamwambia.

Veneranda akainamisha kichwa. Midomo yake ilitikisika, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo mno hata mumewe aliyemshika mikono hakuambulia neno. Alisema hivi: "Bwana, kama ndiyo nyumba yetu, nimsikie Roza. Mara moja tu."

Ombeni alijua hakuisikia ishara. Sharti lake mwenyewe lilimtaka aseme, rudia, mke wangu, kwa sauti. Alifungua mdomo, na kabla hajasema Veneranda aliinua kichwa ghafla kuelekea chumba cha nyuma, machozi yakamtiririka, akatabasamu. "Ndiyo hii," akasema. "Nimeipata."

"Umeipata ishara?"

"Nimeipata, Baba Faustina. Mshukuru Mungu."

Naye akamshukuru Mungu, maskini, kwa sauti kubwa. Alikuwa amemkosa mke wake muda mrefu, na mtu akirudishiwa anachokililia hakai kuchungulia kimerudishwa na nani.

Wakahamia. Siku za kwanza nyumba ilijaa furaha. Veneranda aliimba tenzi akifagia, akapika ugali na figiri, akawauliza habari za shule. Alichoomba ni kimoja tu, chumba cha nyuma kiwe cha kushonea, asiingie mtu. Ombeni akamnunulia cherehani. Cherehani kilikaa mle, na hakuna aliyekisikia kikizunguka.

Faustina ndiye aliyeanza kuona. Aliona sakafu ya korido ina majimaji asubuhi, vidoa vidogo vinavyotoka uani kwenda chumba cha nyuma. Aliona mezani kuna sahani ya nne. Aliuliza, na mama yake akamjibu kwa upole kuwa ni ya mgeni, kwani nyumba ya Mkristo haikosi sahani ya mgeni. Jioni, ukungu ukishashuka na taa za mjini kule chini hazionekani tena, alisikia mama yake akizungumza mle chumbani, akinyamaza kama anayesikiliza, akicheka kidogo, akizungumza tena. Na harufu ya majani ya nyanya sasa ilikuwa kwenye mashuka, kwenye mkate, kwenye nywele zake mwenyewe.

Halafu vitu vyake vikaanza kuhama. Sweta lake la shule alilikuta limelowa, limetanuka kana kwamba limevaliwa na mtu aliyetoka majini. Blanketi lake lilipelekwa chumba cha nyuma. "Wewe ni mkubwa," mama yake akamwambia, "vumilia." Akaanza kukohoa. Mama yake hakukisikia kile kikohozi, na kama alikisikia hakugeuka.

"Baba," Faustina alinong'ona wakati wakitembea kwenda ibadani, "mle nyuma kuna mtu."

"Kuna mama yako na majonzi yake," Ombeni akajibu. "Tumwombee." Alisema hivyo, ingawa na yeye alishasikia nyayo.

Mvua ya mawe ilinyesha alasiri moja Faustina akiwa njiani kutoka shule. Alifika nyumbani viatu vimejaa maji, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga. "Mama! Nifungulie!" Mawe yalikuwa yakimpiga mgongoni na barazani hapakuwa na pa kujibanza. Akagonga kwa ngumi, akaita, akaita tena, kifua kikambana. Ndani, karibu kabisa na mlango, akasikia hatua za mama yake zimesimama. Na akasikia sauti nyingine, ya mtoto, iliyo chini kidogo, ikisema taratibu, "Usimfungulie, mama. Huyo siyo wetu."

Mlango haukufunguliwa.

Mama Evarista, jirani wa viazi, ndiye aliyemwona mtoto amejikunja mlangoni wakati akitoka kuangalia mifereji yake. Alimbeba mgongoni, mtoto wa darasa la sita, akamweka jikoni kwake kando ya moto. Ombeni alipofika alimkuta bintiye amefunikwa magunia na kanga, meno yakigongana.

"Mwalimu," Mama Evarista alisema, akishusha sauti na kutazama dirishani, "mlipokuja kuitazama nyumba ile, kuna mtu aliomba kitu mle ndani?"

"Sisi huwa tunaomba kila mahali, mama."

"Aliomba mfu?"

Ombeni akamvutia bintiye kanga hadi shingoni.

"Yule wa mle hana sauti yake mwenyewe," mama yule akaendelea. "Anaazima ya mtu wako. Waliokuwepo kabla yenu, bwana alimlilia mama yake, akamkuta jikoni anasonga ugali. Kabla yao kulikuwa na mjane, yeye akamkuta mumewe. Anakutangulizia harufu ya mtu wako mlangoni, na ukishamwita anakuja na kila kitu. Halafu anawatoa wengine mmoja mmoja, abaki na wewe peke yenu."

"Mbona hukutuambia, mama yangu?"

"Mlikuja na Biblia mkononi. Nikasema hawa wana kinga yao."

Ombeni alipita mlango wa uani. Alimkuta mkewe chumba cha nyuma, ameketi sakafuni juu ya blanketi la Faustina, taulo mapajani, akipangusa kitu kisichoonekana kwa mkono wa mama anayekausha nywele za mtoto. "Mama Faustina, ulimsikia Faustina akigonga?" aliuliza. Veneranda akaweka kidole mdomoni. "Punguza sauti," akasema. "Roza ndiyo kwanza analala."

Siku ya pili yake, baada ya saa za kazi, Ombeni alimleta Mwinjilisti Asukile, Mnyakyusa mfupi wa viatu vya mvua, mtu asiyepiga kelele hata mimbarani. Waliketi sebuleni wote: yeye, Ombeni, Veneranda, na Faustina aliyekuwa anapumua kwa shida chini ya koti la baba yake. Mama Evarista alisimama uani akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, kwa kuwa alisema kuingia hataingia. Ukungu ulikuwa umeshaifunika baraza.

"Ndaga, mama," Mwinjilisti alimsalimu Veneranda kwa lugha yake ya Kinyakyusa. "Sitakudanganya. Naweza kukemea mpaka koo likauke, na kitakaa kimya, kesho kitarudi. Mkihama, mtahama nacho. Mimi hapa ni mgeni, baba naye hakujua kilichoombwa. Wewe ndiye ulikiita. Sisi tutaomba, ila neno la kukitoa ni lako."

"Unataka nimfukuze mtoto wangu."

"Nataka umtazame mtoto wako," Mwinjilisti akasema, akamwonyesha Faustina.

Veneranda akamtazama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza tangu wahamie. Aliona midomo iliyobadilika rangi, aliona mashavu yalivyobonyea, na aliona kwamba Faustina alikuwa anamtazama kama mtoto anavyomtazama mbwa asiyemjua, akipima kama atang'ata.

Wakaanza kuomba. Mwanzoni hapakuwa na kitu, maneno ya Mwinjilisti tu na mvua nyepesi kwenye bati. Kisha mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Zikaja nyayo koridoni, ndogo, zenye maji, zikasimama pale penye mwanga wa dirisha, pasipo na mtu, na sakafu ikalowa mbele ya macho yao.

"Mama."

Ombeni akaziba mdomo kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti ya bintiye, ileile, na ule mkwaruzo wake mdogo mwishoni.

"Mama, nimekosa nini?"

"Fungua mlango wa mbele," Mwinjilisti alinong'ona. "Umwambie aende."

Veneranda alinyanyuka, akafungua mlango, baridi ya Iganzo ikaingia, na akasimama pale ameshika kitasa huku ile sauti ikimsogelea kidogo kidogo, ikilia sasa, ikimwambia nje kuna baridi, ikimwambia hana sweta, ikimwambia kule kwenye maji kulikuwa na giza na matope yalimwingia puani naye alikuwa akisikia honi ya lori na sauti ya mama yake na hakuna aliyekuja, na yote hayo Veneranda aliyabeba akiwa amesimama, maana alishajiambia yote mwenyewe kwa mwaka mzima kila alipoweka kichwa kwenye mto, mpaka ile sauti ilipofika miguuni pake, ikashika ncha ya kitenge chake, kitenge kikavutika chini na wote wakakiona kikivutika, ikasema polepole, "Nilikuita ukasema subiri. Nimesubiri, mama."

Aliketi palepale kizingitini akalia kilio ambacho hakukilia msibani, na Ombeni, aliyekuwa akilisikia neno lile kwa mara ya kwanza maishani mwake, alimtazama mkewe na hatimaye akaelewa kimya cha mwaka mzima. Mikono ya Veneranda ilikuwa imeshaanza kukumbatia hewa pale miguuni, na kwenye hewa ile palikuwa na kitu, kwani maji yalimlowesha kifuani.

Faustina akakohoa.

"Huyo siyo wetu, mama," sauti ikamnong'oneza Veneranda, na hapo ndipo mikono yake iliposimama. Roza hangesema hivyo. Roza alikuwa akilia dada yake akienda shule. Roza asingekula ndizi bila kumkatia Faustina kipande.

"Ni wetu," Veneranda akasema. "Faustina ni wetu. Wewe nenda."

"Mama..."

"Nenda. Kwa jina la Yesu, nenda, na usinisubiri tena."

Kitenge kikaachiwa. Nyayo zikapita kizingitini, zikateremka ngazi za baraza moja moja, na Veneranda akanyanyuka, akausukuma mlango, akakifunga kitasa, akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Kitu kikabisha. Kilibisha kwa kiganja, chini, pale kiganja cha mtoto wa miaka mitano kinapofika. Mwinjilisti aliendelea kuomba, Ombeni akapiga magoti nyuma ya mkewe akamshika mabega, na huko nje ile sauti iliita na kuita, ikazunguka nyumba, ikaita dirishani, ikarudi mlangoni, ikawa nyembamba, hadi wakabaki wanasikia mvua, na Mama Evarista uani akiwa ameukatisha wimbo wake.

"Imekwisha," Mwinjilisti akasema.

"Na kama alikuwa yeye?" Veneranda akauliza, bado ameegemea mlango.

"Roza yuko kwa Bwana, mama." Alilisema kama anavyopaswa kulisema, akiwa ameinamia viatu vyake.

Hawakukaa tena pale. Ombeni aliomba chumba cha walimu shuleni, wabanane humo kwa muda, na safari hii hakuweka ishara yoyote. Asubuhi ya kuhama, yeye na dereva wa lori dogo la Kanta walikuwa wakifunga godoro kwa kamba. Veneranda na Faustina walikaa barazani juu ya sanduku la nguo wakisubiri, jua la Mbeya likiwapiga bila kuwapasha. Kikohozi kilikuwa kimepungua. Ile harufu haikuwepo tena, na Veneranda alikuwa ameshajinusa viganja vyake mara nyingi asubuhi ile, kwa siri.

"Mama," Faustina akasema.

"Bee, mwanangu," Veneranda akaitika upesi, akamgeukia mwili mzima.

"Siku ile ya mvua ya mawe. Ulijua ni mimi?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema alirogwa masikio, alisikia upepo, alidhani ni mwizi, na Mwinjilisti angemwombea msamaha wa uongo huo na baba mtu angemshukuru. Aliutazama ule uso mdogo uliokonda, akaona kwamba mtoto ameshalijua jibu na anachotaka ni kuona kama ataambiwa.

"Nilijua," akasema.

Faustina akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu mzima aliyeelezwa bei. Kisha uso ukamvunjika, akaanza kulia kimyakimya akitazama barabara. Veneranda akauweka mkono wake juu ya mkono wa bintiye. Faustina hakuutoa, wala hakuushika.